Kompyuta imenyamaza, na mwanangu husoma kwa masikio

Kaka, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Tanga. Mwanangu wa pili ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu, na haoni. Alizaliwa na uoni hafifu, na alipofika darasa la tano mwanga ukawa umekwisha kabisa. Shuleni anasoma kwa nukta nundu, lakini hapa nyumbani ana kompyuta ya mezani aliyonunuliwa na mjomba wake, imeshatumika, ina Windows 10. Mwalimu wake mmoja alimwekea NVDA, ile programu inayosoma kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini. Tangu siku hiyo anaandika insha zake mwenyewe na kujisomea Historia mwenyewe, hamsubiri dada yake amalize kuosha vyombo ndiyo amsomee.

Siku kumi zilizopita alikuja kututembelea mtoto wa huyo huyo kaka yangu, kijana wa chuo. Akaona kompyuta ni nzito, akasema draiva, zile programu ndogo zinazoendesha vifaa vya ndani, zimezeeka. Akapakua programu inayodai kusasisha draiva zote kwa mpigo mmoja. Ikafanya kazi kama nusu saa, kompyuta ikajizima na kuwaka yenyewe, na ilipowaka ilikuwa bubu. Chini pale karibu na saa, alama ya spika ina x nyekundu. Kijana akahangaika nayo mpaka usiku wa manane, kesho yake akarudi chuo bila hata kunywa chai.

Nikaita fundi. Akachomeka spika zake, kimya. Akasema kadi ya sauti imeungua kwa sababu ya umeme, na kwa kuwa imejengwa humo humo kwenye ubao mkuu wa ndani, ubao wote ubadilishwe, shilingi 180,000. Kweli umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo wiki ile, lakini hiyo ilikuwa Jumanne. Kijana alikuja Alhamisi, na Jumatano mtoto alisoma kama kawaida. Nilimwambia fundi hilo, akanijibu kwamba vifaa huungua taratibu. Fundi wa pili nilimpigia simu tu, akasema nimpe 25,000 apige Windows upya. Nikaogopa, maana humo mna maelezo ya masomo ya miaka miwili, na mtoto ameyaandika yote kwa vidole vyake.

Binti yangu mkubwa alifungua orodha ya vifaa kama alivyomwona kijana akifanya, akaninakilia kwenye karatasi. Chini ya "Sound, video and game controllers" kuna mstari mmoja wenye pembetatu ya njano, na ukiubonyeza mara mbili yanatokea maneno "This device cannot start" na "Code 10". Spika zetu ni nzima, tukizichomeka kwenye simu zinaimba.

Kaka, mimi nauza vitafunio asubuhi. Hiyo 180,000 ni ya kudunduliza miezi. Niitoe? Au nikubali kupigiwa Windows? Baba watoto naye ameapa kwamba yule kijana hataigusa tena mashine hii, na kaka yangu ameshaanza kununa. Likizo imebaki wiki mbili. Kila jioni mwanangu anakaa mbele ya kompyuta, anaiwasha, anasubiri, kisha anaizima.

Mama wa Watatu, Tanga


Waaleikum salaam, dada yangu.

Usiitoe hiyo 180,000. Kwa haya uliyoniandikia, naamini kadi ya sauti ya mwanao haijaungua. Imewekewa draiva isiyo yake. Nitakueleza ninavyojua na namna ya kurekebisha, lakini kabla ya hayo nataka mtoto apate sauti leo hii, asisubiri sisi tumalize uchunguzi.

Nenda kwenye duka la vifaa vya simu na kompyuta, uliza kadi ya sauti ya USB. Ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Upande mmoja kinachomekwa kwenye tundu la USB, upande wa pili kina matundu ya hedfoni na maikrofoni. Za kawaida ni bei nafuu, hazikaribii hata kidogo gharama ya ubao. Kidude hiki hakiitegemei chipu ya sauti iliyomo ndani ya kompyuta, kina chipu yake chenyewe, na draiva yake imo tayari ndani ya Windows. Hakuna cha kupakua. Kichomeke, chomeka hedfoni au zile spika zenu, subiri kama dakika moja, uone kama ile x nyekundu imeondoka. Ukipata hedfoni za USB za kuazima, nazo ni vilevile. Watu wengi wasioona wanaofanya kazi na kompyuta kila siku huweka kidude hiki kwenye droo hata mashine yao ikiwa nzima, kwa sababu kwao sauti ndiyo skrini. Kwa hiyo hata tukishamaliza kutengeneza, hicho kibaki nyumbani.

Hapo umeshaona jambo ambalo fundi wako alipaswa kukuambia. Hata kama chipu ingekuwa imeungua kweli, hukuhitaji ubao mpya. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya sauti iliyokufa inaweza kufanya kazi miaka na miaka kwa kidude cha USB. Simwiti mwizi, simjui. Ila alichomeka spika, akasikia kimya, akahukumu. Kimya kina sababu nyingi, na inayohusu pasi ya kuyeyushia risasi ni moja tu kati yake.

Sasa ile karatasi ya binti yako. Ameleta ushahidi ambao mafundi wote wawili hawakuutafuta.

Kwenye kompyuta nyingi za mezani sauti hutoka kwenye chipu ndogo nyeusi iliyochomelewa juu ya ubao mkuu, mara nyingi karibu na yale matundu ya rangi yaliyo nyuma: kijani kwa spika, pinki kwa maikrofoni, buluu kwa kuingiza sauti ya kifaa kingine. Kazi yake ni kupokea namba, kwa kawaida 48,000 kila sekunde kwa spika ya kushoto na nyingine kama hizo kwa ya kulia, na kuzigeuza ziwe mawimbi ya umeme ambayo spika inaweza kuyatamka. Tangu 2004 Intel walipotoa utaratibu unaoitwa High Definition Audio, karibu chipu zote za namna hii zinafuata adabu moja. Kompyuta ikiwaka, inauliza kwenye njia ya sauti: nani yupo? Chipu iliyo hai inajibu kwa kutaja namba yake. Windows ikishapata jibu ndipo inapoandika mstari kwenye ile orodha ya vifaa, kisha inatafuta draiva ya kuiendesha.

Mstari wenu upo. Kilichokufa kabisa hakitaji namba yake, na kisipoitaja hakiandikwi. Halafu angalia "Code 10": Windows inasema kifaa nimekiona, draiva ninayo, nimejaribu kukiwasha na draiva hiyo, kimekataa. Kifaa kibovu nacho kinaweza kuleta ujumbe huo, sikufichi. Lakini ukija saa ile ile draiva ilipobadilishwa, siku mbili baada ya umeme kurudi kwa kishindo, na katikati mtoto amekaa Jumatano nzima akisoma, mimi naanza na draiva. Ingekuwa umeme umeharibu sehemu ya kutolea sauti tu, huku chipu bado inajibu, mngeona kinyume chake: Windows ingeonyesha kila kitu ni shwari, hakuna pembetatu wala x, ila spika hazitoi kitu.

Tuhakikishe jambo moja kabla ya kugusa chochote. Binti aubonyeze mstari ule mara mbili tena, aende kwenye "Details", na kwenye kisanduku cha kuchagulia achague "Hardware Ids". Litatokea neno refu la herufi na namba. Atafute VEN_ na herufi nne zinazofuata. VEN_10EC ni Realtek, ndio wanaotengeneza chipu nyingi za sauti za kwenye ubao. Akikuta VEN_8086 ni Intel, VEN_1002 ni AMD, na VEN_10DE ni NVIDIA; mara nyingi hizo tatu ni sauti ya HDMI, yaani ya ule waya wa kwenda kwenye skrini au TV, inayopita kwenye chipu ya picha, si ile tunayoitafuta. Mbele yake kuna DEV_, na kwa Realtek tarakimu zake hukuonyesha chipu yenyewe: DEV_0662, kwa mfano, ni ALC662. Kisha kuna SUBSYS_ na herufi nane, na nne za mwanzo ni za aliyetengeneza kompyuta: 103C ni HP, 1028 ni Dell, 17AA ni Lenovo. Aliandike lote kwenye karatasi, hata asipolielewa.

Nimeitaja SUBSYS makusudi, maana hapo ndipo programu za kusasisha draiva zote kwa mpigo zinapoharibu kazi za watu, na naumia kila ninapoletewa mashine ya namna hii. Chipu ni moja, lakini kila kampuni ya kompyuta huifunga kwenye ubao wake kwa namna yake: tundu la mbele limeunganishwa kwenye mguu huu, la nyuma kwenye mguu ule, spika ya ndani ipo au haipo. Draiva ya kweli ya mashine yenu inayajua hayo. Programu inayokisia huona chipu inafanana, ikabandika draiva ya mashine nyingine. Na nyingi ya programu hizo huja na matangazo na vitu vingine ambavyo hukuviomba. Kompyuta ikiwa nzima, draiva ya sauti "kuzeeka" si ugonjwa. Uzito wa mashine yenu haukutoka huko.

Haya, tutengeneze. Kwanza nakilini maelezo ya mtoto kwenye flashi. Hatua zinazofuata hazigusi mafaili yake, lakini miaka miwili ya kazi kukaa sehemu moja tu kunanikosesha raha, na kungenikosesha raha hata kama sauti ingekuwepo. Kisha mfungue "Settings", "Apps", mkaitafute ile programu ya kijana na kuiondoa. Ikibaki, inaweza kuirudisha draiva mbovu usiku huo huo.

Halafu binti ashike kitufe cha Windows na X kwa pamoja, achague "Device Manager", aubonyeze mara mbili mstari wenye pembetatu, aende "Driver". Humo kuna kitufe cha "Roll Back Driver". Hicho kinarudisha draiva iliyokuwepo kabla. Kikiwa kinabonyezeka, akibonyeze, achague sababu yoyote atakayoulizwa, akubali, awashe upya kompyuta. Huenda kazi ikaishia hapo.

Kitufe kikiwa kimefifia, msiogope, ina maana tu kwamba Windows haikubaki na draiva ya zamani. Hapo hapo abonyeze "Update Driver", kisha "Browse my computer for drivers", kisha maandishi ya chini yanayoanza na "Let me pick from a list". Itakuja orodha fupi. Achague ule mstari unaosema "High Definition Audio Device" bila jina la kampuni yoyote. Windows inaweza kumwonya kwamba haina uhakika. Akubali, asubiri, awashe upya.

Hiyo ndiyo draiva ya Microsoft wenyewe, imo ndani ya kila Windows 10, na imeandikwa kuongea na chipu yoyote inayofuata ule utaratibu wa 2004. Haina mapambo: hakuna dirisha la kuongeza besi, na kwenye baadhi ya mashine tundu la mbele halitambui kwamba hedfoni imechomekwa. Lakini maneno yanatoka safi, na kwa mtu anayesikiliza NVDA maneno ndiyo yote. Mashine nyingi nimeziacha na draiva hiyo na wenyewe hawajarudi kulalamika. Mkitaka ile ya asili, andikeni msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia, muone jina na modeli ya kompyuta, muipakue kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, kwa modeli hiyo hiyo. Si kwingineko.

Baada ya kuwasha, spika ziwe kwenye tundu la kijani la nyuma, si la mbele, maana la mbele linategemea waya mwembamba wa ndani unaochomoka kirahisi. Na kama bado mmechomeka kidude cha USB, kichomoeni kwanza, la sivyo sauti itaendelea kwenda huko na mtadhani tumeshindwa.

Ikiwa yote hayo yamefanyika na pembetatu bado ipo, kuna kipimo kimoja ambacho fundi yeyote makini anaweza kukufanyia bila kufungua mashine. Awashe kompyuta kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kama Ubuntu au Linux Mint, ile hali ya kujaribu bila kusakinisha. Linux ina draiva zake, haijui lolote kuhusu zilizoharibika ndani ya Windows. Spika zikiimba humo, chipu ni nzima na mjadala wa ubao umekwisha. Zikikaa kimya humo pia, hapo nitakubali kwamba huenda chipu ina tatizo, na jibu langu litakuwa kile kidude cha USB kilichopo tayari mezani kwenu. Msipakue Linux kwa bando la simu, ni faili la gigabaiti kadhaa. Kijana wa chuo anaweza kuja nayo.

Kuhusu kupiga Windows upya: huenda sauti ingerudi, kwa sababu Windows mpya ingeweka ile draiva ya Microsoft niliyokutajia. Lakini ni kubomoa nyumba ili ubadilishe kitasa. NVDA ingeondoka, mipangilio yake ingeondoka, na fundi anayefanya kazi kwa haraka angefuta na maelezo. Iwe ya mwisho kabisa, na flashi yenye nakala iwe mkononi mwako, si mkononi mwake. Akitokea mwingine wa kukuambia sauti imekufa kwa kuwa Windows 10 imekwisha muda, ni kweli kwamba Microsoft walisitisha masasisho yake ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, lakini hilo halizimi draiva ya mtu yeyote.

Umebaki ugomvi wa mpwa wako. Shemeji ana haki ya kukasirika, mimi baba pia, najua inavyouma ukimwona mtoto anasubiri kitu kisichokuja. Lakini yule kijana alidanganywa na tangazo linalowadanganya watu wazima wenye kazi zao, na ukimya wake wa kuondoka bila chai unaniambia anajua alichokigusa. Wewe ni shangazi yake. Mpigie wewe, si shemeji. Muulize jina la programu aliyoiweka, kisha umwombe aje siku moja kabla ya likizo kuisha, akae na binamu yake, afuate hatua hizi kwa mikono yake mwenyewe huku akimsomea kwa sauti kila anachokibonyeza. Nataka amsomee, maana huyo mwenye kompyuta ana miaka kumi na sita na ana akili ya kushika haya yote. Akishajua kwamba mashine ikinyamaza kuna kidude cha USB cha kuchomeka, na kwamba kuna mahali panaitwa Device Manager, hatamtegemea fundi wala dada kwa jambo hili tena. Mpe pia zoezi la kubadilisha sauti ya kusomea: ndani ya NVDA kuna eSpeak NG, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake, na kama bado insha zake za Kiswahili zinasomwa kwa matamshi ya Kiingereza atafurahi kuijua.

Ile karatasi ya Hardware Ids ibandikeni ndani ya mlango wa kabati. Na siku mtakapoiwasha baada ya matengenezo, asitangulie mtu mwingine kuijaribu. Mwacheni yeye akae, asubiri Windows imalize kufunguka, kisha aiamshe NVDA kwa kushika Ctrl, Alt na N kwa pamoja.